Asilimia Mia Moja na Nne ya Furaha

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga. Ni kwamba jina lake hubadilishwa kila waziri mpya anapoapishwa, nami sina madaftari ya kutosha kuandika hadithi hii upya kila mara. Itoshe kusema kwamba wimbo wake wa taifa ni mrefu kuliko barabara zake za lami, na kwamba ina kiwanda kimoja kinachofanya kazi. Kiwanda hicho hutengeneza mablanketi. Nchi yenyewe ni ya joto kali mwaka mzima, lakini hilo ni suala la mipango ya uchumi, na mimi sikuchaguliwa na mtu yeyote kulijadili.

Mkurugenzi Mkuu wa kiwanda aliitwa Dokta Laurenti Mbonea. Mwaka mmoja alikwenda ng'ambo kuhudhuria semina ya viongozi wa biashara. Alikaa siku nne, akarudi na mkoba mpya, mafua, na ukweli. Ukweli wenyewe ulikuwa huu: kampuni inayowatanguliza watu wake hustawi, na kampuni inayotanguliza mashine hufa. Aliusikia siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, na kwa kuwa baada ya chakula alisinzia hadi semina ikafungwa, aliuchukua huo huo mmoja akauleta nyumbani mzima.

Jumatatu, wafanyakazi wote mia tatu walikusanywa uwanjani. Wengi walidhani kuna msiba.

“Ndugu zangu,” alisema Dokta Mbonea, na wafanyakazi wakatazamana, maana hakuwahi kuwaita hivyo ila alipotaka wafanye kazi Jumapili. “Kuanzia leo, hapa ni Watu Kwanza! Si mashine kwanza. Si blanketi kwanza. Wewe hapo, mama mwenye kilemba, wewe ndiye wa kwanza!”

Mama mwenye kilemba alirudi nyuma hatua mbili, akajificha kwa wenzake.

Mabadiliko yalianza siku hiyo hiyo. Mlango wa ofisi ya Mkurugenzi uling'olewa ili mtu yeyote aingie wakati wowote, na mahali pake wakasimamishwa askari wawili wenye virungu ili pasiwe na usumbufu. Idara ya Utumishi ikaitwa Idara ya Kujali. Barua ya onyo ikaitwa barua ya upendo, na mtu aliyependwa mara tatu aliondoka kazini moja kwa moja. Wakaguzi wanne wa mashine waliachishwa, kwani kukagua mashine kabla ya watu kungewavunja watu moyo. Nafasi zao wakapewa Wakaguzi wa Furaha kumi na wawili.

Kila mtu alipiga makofi. Askari walikuwa wanaangalia nani hapigi.

*

Furaha hupimwaje? Hapa naomba msomaji akae vizuri, maana ni sayansi.

Watu wa nchi hiyo wana desturi moja. Mtu akiulizwa habari, husema kwanza nzuri, halafu ndipo husema kweli. “Habari za nyumbani?” “Nzuri, ila jana tumemzika babu.” “Habari za safari?” “Njema tu, isipokuwa gari limepinduka.” Hakuna anayedanganya. Lile neno la kwanza ni la adabu, kama kubisha hodi. Habari yenyewe iko ndani. Kila mtoto wa nchi hiyo anajua hivyo. Nimesikia zipo nchi nyingine zenye desturi kama hiyo, lakini mimi si mtu wa kusema watu.

Waliotunga fomu ya kupimia furaha hawakujua. Fomu hiyo, iliyokuja ndani ya mkoba mpya wa Dokta Mbonea, ilikuwa na swali moja na kisanduku kimoja. Kila asubuhi Mkaguzi wa Furaha alipita akiuliza, “Habari za kazi?” Mfanyakazi akisema “Nzuri,” mkaguzi alitia tiki, na penseli ikainuka kabla neno “ila” halijafika. Yaliyokuja baada ya ila hayakuwa na kisanduku.

Wiki ya kwanza furaha ya kiwanda ilikuwa asilimia mia moja. Wiki ya pili ilipanda ikawa asilimia mia moja na nne, kwa sababu baadhi ya wazee walijibu “Nzuri sana.” Redio ilitangaza mara sita. Waziri alituma pongezi, na Dokta Mbonea akaamuru kwamba mwezi unaofuata kutakuwa na sherehe kubwa itakayoitwa Siku ya Watu. Watu wote mia tatu wangekaa pamoja katika ukumbi wa kukaushia mablanketi, ghorofa ya kwanza, wakaulizwa habari kwa pamoja.

Chini ya ukumbi huo ndipo ilipokuwa boila.

*

Boila ilichemsha maji yakawa mvuke, na mvuke ukapanda kwa mabomba kukausha mablanketi yaliyoanikwa juu. Fundi wake aliitwa Shekue. Alikuwa ameilisha magogo kwa miaka ishirini na miwili, na aliijua kwa sauti, kama sisi tuliolala bweni tunavyomjua mwalimu wa zamu kwa viatu vyake. Juu ya dari yake, pamoja na wanawake wengine arobaini, alifanya kazi binti yake wa pekee, Sikudhani. Shekue ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Alipenda kusikia hatua zake zikipita juu, zikaenda, zikarudi.

Jumatano moja aliona ufa kwenye tumbo la boila. Ulikuwa na urefu wa kidole, na ulikuwa ukitoa uzi mwembamba wa mvuke.

Zamani angemwita mkaguzi wa mashine. Sasa alimngoja Mkaguzi wa Furaha, kijana mpole aliyeitwa Hamduni.

“Shikamoo, mzee Shekue.”

“Marahaba.”

“Habari za kazi?”

“Nzuri, ila boila...”

“Asante, mzee. Ubarikiwe.”

“Hamduni! Nimesema ila.”

“Nimesikia, mzee wangu. Lakini ila haina mahali.” Akamwonyesha fomu. Kweli, haikuwa na mahali.

“Basi mwambie mkubwa wako kwa mdomo.”

“Mkubwa wangu naye ataniuliza habari za kazi,” Hamduni alisema kwa huzuni. “Nitamjibu nini?”

Shekue alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi. Askari walimthibitishia kwamba ofisi haina mlango, wakamrudisha. Akaamua kuandika. Sanduku la Maoni lilikuwa limeondolewa, kwa kuwa maoni huumiza watu, na pale ukutani palikuwa na Sanduku la Shukrani. Shekue alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Aliandika hivi:

“Nashukuru kwamba boila bado haijapasuka. Nashukuru kwamba binti yangu na wenzake wanaofanya kazi juu yake wamefika jioni ya leo wakiwa hai. Wenu, Shekue, chumba cha boila.”

Ijumaa barua hiyo ilisomwa uwanjani kama shukrani bora ya wiki. Dokta Mbonea alitoa leso, akafuta machozi. “Mmesikia moyo huo? Mtu anashukuru kwa sababu yu hai tu! Nani mwingine hapa anashukuru kwa sababu yu hai?” Watu wakanyoosha mikono. Shekue alipewa kikombe chenye picha ya uso unaocheka.

Alipokipeleka chumba cha boila, ufa ulikuwa umefika shubiri moja.

*

Jumatatu Hamduni alikuja kama kawaida.

“Habari za kazi, mzee?”

Shekue alitazama juu. Hatua za Sikudhani zilikuwa zinapita polepole, hatua za mtu aliyebeba kitu kilicholowa.

“Mbaya,” akasema.

Penseli ilibaki hewani.

“Mzee, hebu sema tena. Taratibu.”

“Mbaya.”

“Mzee wangu, usinifanyie hivyo. Mimi nina familia.”

“Na mimi ninayo. Iko juu ya kichwa changu.”

Nusu saa haikupita, akafika Bi. Eufrasia Lukindo mwenyewe, mkuu wa Idara ya Kujali, akifuatana na daktari na mpiga picha. Bi. Eufrasia alikuwa na sauti laini kama pamba ya kuziba masikio.

“Pole sana, mzee wetu. Nani amekuudhi?”

“Hakuna, mama. Boila ina ufa.”

“Na huo ufa unakufanya ujisikieje?”

“Sijisikii kitu. Ufa upo. Huo hapo nyuma yako.”

Bi. Eufrasia hakugeuka. “Unaona, mzee, hapo ndipo tulipokuwa tunakosea zamani. Tungekimbilia mashine, wewe tukakuacha peke yako na huzuni yako. Siku hizi tunaanza na mtu.” Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. “Umelala vizuri?”

“Mama, geuka tu uone.”

“Presha yake iko juu,” alisema daktari.

“Ya boila iko juu zaidi,” alisema Shekue.

Mpiga picha akapiga picha.

Kulikuwa na chumba kilichoitwa Chumba cha Faraja. Kilikuwa kimeandaliwa tangu siku ya kwanza, maana viongozi wenye upendo huona mbali. Kilipakana na chumba cha boila, ili ukuta uwe na joto. Ndani mlikuwa na kiti kimoja laini na picha ya maporomoko ya maji, na mlango wake ulifungwa kwa nje, faraja isitoroke. Masharti yalikuwa mepesi. Shekue angetoka siku ambayo Bi. Eufrasia angeridhika kwamba anasema “Nzuri” na nyuma yake hakuna kitu.

Hamduni alipewa barua ya upendo kwa kosa la kusikia, kisha akakabidhiwa boila. Hakuwa amewahi kuwasha hata jiko la mkaa.

*

Kila jioni Sikudhani alishuka hadi kwenye kidirisha cha mlango wa Chumba cha Faraja.

Wiki ya kwanza baba yake alisogeza uso karibu na nondo na kusema haraka haraka. “Usianike katikati ya ukumbi, mwanangu. Anika pembeni, karibu na ngazi. Umenisikia?”

“Na wenzangu, baba?”

Shekue alimuuliza kama amekula.

Wiki ya pili alisema, “Nzuri, ila,” kisha akautazama mlango, akanyamaza.

Wiki ya tatu Sikudhani alimkuta amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

“Wanakupa chakula?”

“Nzuri.”

“Baba, ni mimi. Sikudhani.”

“Nzuri sana,” alisema Shekue, akatabasamu kuelekea picha ya maporomoko.

Sikudhani alipanda ngazi hadi Idara ya Kujali. Bi. Eufrasia alimpokea kwa kumkumbatia. Ufunguo wa Chumba cha Faraja ulikuwa unaning'inia shingoni mwake kwa utepe wa pinki.

“Habari yako, mwanangu?”

“Nzuri, ila baba...”

“Nimefurahi sana kusikia.”

“Mama, baba amekuwa akisema nzuri siku tisa sasa. Mfungulie.”

“Anasema, lakini baadaye anakohoa,” alisema Bi. Eufrasia. “Kikohozi kinanitia wasiwasi. Kinaweza kuwa ni ila inayojificha. Usijali, tutamtoa Siku ya Watu, baada ya hotuba, apande jukwaani wenzake wamwone alivyopona.”

Siku ya Watu ilikuwa keshokutwa yake. Sikudhani alishuka tena, safari hii hadi chumba cha boila. Hamduni alikuwa amekaa kwenye gogo, uso umejaa masizi. Tumbo la boila lilikuwa limebandikwa bango kubwa la WATU KWANZA, na kingo zake zilikuwa zinapepea ingawa hapakuwa na upepo.

Sikudhani alilinyanyua kwa ncha ya kidole. Ufa ulikuwa mrefu kuliko mkono wake.

“Niliambiwa nibandike,” alisema Hamduni.

“Zima moto, kaka.”

“Nikizima watakuja kuniuliza habari.” Hamduni aliutazama ukuta unaopakana na Chumba cha Faraja. “Na hiyo siku yenyewe, Mkurugenzi ameagiza niuongeze mara mbili. Anataka mvuke mwingi, bendera za karatasi zipepee ukumbini.”

*

Mchana wa siku iliyofuata, Sikudhani aliwakusanya wenzake nyuma ya mablanketi yaliyoanikwa. Aliwaambia alichokiona. Hakuna aliyeshtuka. Nyayo zao zilikuwa zinaungua kwa wiki mbili sasa, na kila mmoja alikuwa amejiambia ni mwili wake.

“Tuseme mbaya sote?” aliuliza Tabu, aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko wote.

“Baba alisema mbaya. Mmeona alipo.”

“Basi tufanyeje?”

“Kesho atatusalimu pale jukwaani. Tusijibu.”

Hapo ndipo waliposhtuka. Mwanamkuu, mkubwa wao kwa umri, aliangusha kibanio.

“Usijibu salamu? We mtoto, umelelewa wapi?”

“Nimelelewa na yule waliyemfungia.”

“Lakini salamu, jamani!” alisema Tabu. “Mimi yule mume aliyenikimbia na shoga yangu, tukikutana sokoni namjibu. Namjibu, kisha namtukana.”

“Ukisema nzuri, wanaandika,” alisema Sikudhani. “Ukisema mbaya, wanakufungia. Ukinyamaza, hawana pa kuandika.”

“Na wakitufungia sote?” aliuliza Mwanamkuu.

“Chumba kina kiti kimoja, bibi.”

Halikuwa jambo rahisi. Msomaji anayebisha ajaribu leo kumnyima salamu jirani yake, aone kama shingo yake haitauma.

Hadi jioni neno lilikuwa limefika kwa wasokotaji, kwa wafumaji, kwa wapakiaji na kwa wapishi. Lilipitishwa kwa kunong'onezwa, sikio kwa sikio, na kila aliyelipokea alikwenda nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyeombwa kuvua nguo barabarani.

*

Siku ya Watu ilianza saa nne asubuhi. Waziri hakufika. Alituma picha yake ndani ya fremu, nayo ikakalishwa kwenye kiti cha heshima, na askari mmoja akapewa kazi ya kuipepea. Spika zilikuwa zimefungwa ukumbini na nje hadi mwisho wa uwanja. Mvuke ulipanda kwa nguvu. Bendera za karatasi zilipepea vizuri sana.

Watu mia tatu walikaa. Dokta Mbonea alisimama mbele ya kipaza sauti, akafungua hotuba yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja wa kusoma, na chini yake maelekezo kwa wino mwekundu: watajibu kwa furaha, subiri makofi yaishe.

“Ndugu zangu, watu wangu, watu wa kwanza,” alisema. “Habari zenu?”

Akatabasamu, akasubiri.

Mwanamkuu alikuwa amejaza kona ya kanga kinywani. Tabu alikuwa ameng'ata kidole. Mzee mmoja wa upakiaji alitokwa machozi kwa kujizuia, na mtu nyuma yake alimshika bega ili asianguke upande wa adabu.

“Habari zenu?” Dokta Mbonea aligonga kipaza sauti kwa ukucha. Kilikuwa kizima.

Ukumbi huo haukuwahi kuwa kimya. Siku za kazi ulikuwa na mashine, siku za mikutano ulikuwa na makofi. Sasa, kwa mara ya kwanza, kila mtu aliweza kusikia kilichokuwa chini. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu mzito anayejigeuza kitandani, halafu chuma kikakwaruza kidogo, kikatulia, kikakwaruza tena. Glasi za maji za meza kuu zilianza kugusana.

Kila mmoja alikuwa akijua kivyake. Sasa walijua pamoja.

Mstari wa nyuma ulisimama. Hakuna aliyekimbia na hakuna aliyesema neno. Walishuka ngazi mmoja mmoja, mstari baada ya mstari, kwa nidhamu ambayo mkuu wa shule yetu angetoa machozi kuiona. Askari wa virungu walitazama, wakatazamana, wakaingia kwenye foleni. Aliyekuwa akipepea picha alifikiri kidogo, akaacha upepeo pale pale juu ya mapaja ya Waziri.

Sikudhani peke yake alikwenda kinyume na watu, hadi meza kuu. Alisimama mbele ya Bi. Eufrasia, akanyoosha mkono.

“Habari yako, mwanangu?” aliuliza Bi. Eufrasia, maana kinywa chake hakikuwa na neno jingine.

Sikudhani hakujibu. Mkono ulibaki pale. Bi. Eufrasia alingoja, na kadiri alivyongoja sakafu ilimtetemesha kuanzia visigino hadi meno. Aliitazama sakafu. Aliuvua utepe shingoni, akauweka kwenye kiganja cha Sikudhani, kisha akavua na viatu vyake vya kisigino kirefu akavishika mkononi, akaondoka haraka.

Dokta Mbonea alibaki. Ukurasa wa pili wa hotuba yake ulianza na maneno “Asanteni kwa jibu hilo zuri,” naye hakuwa mtu wa kuruka ukurasa.

*

Nje, watu walikwenda mbali hadi mwisho wa uwanja, kwenye ukuta, na hapo wakakaa kwenye majani. Waliuangalia mlango wa chini. Muda ulipita mrefu. Mwanamkuu alikuwa anasali bila kutoa sauti.

Mlango ulifunguka, mvuke ukatoka kwanza, kisha Sikudhani. Alikuwa amemshika baba yake upande mmoja, na Hamduni, aliyeacha boila na moto wake, alikuwa amemshika upande wa pili. Shekue alitembea vizuri lakini alikwenda popote walipomsukuma. Walimvusha uwanja, wakamketisha kati ya watu. Alilitazama jua, akalitabasamia kama alivyokuwa akiitabasamia picha.

Kisha spika zikalia juu ya vichwa vyao.

“Habari zenu?”

Hakuna aliyejibu. Watu walitazama majani.

“Jamani,” alisema Dokta Mbonea, na sauti yake haikuwa na tabasamu tena. “Watu wangu. Habari zenu?”

Shekue alinyooka mgongo kama mtu aliyeitwa jina. Aliiweka mikono juu ya magoti. Midomo yake ikaanza kufunguka.

Sikudhani aliruka akamziba kinywa kwa kiganja. Alilihisi neno likija, la moto, likimsukuma ngozi ya mkono, mara moja, mara ya pili, nayo macho ya baba yake yalikuwa yanamtazama kwa mshangao wa mtu anayezuiwa kufanya jambo jema. Hakuuondoa mkono. Alimvuta kichwa chake kifuani, akamshikilia hapo kwa nguvu, na watu walio karibu wakasogea wakawazunguka.

Spika ziliuliza tena. Na ndani ya kipaza sauti kile kile, nyuma ya sauti ya Mkurugenzi, wote mia tatu walisikia chuma kikianza kupasuka.